Bamvua la Mbweni na Milinganyo ya Mlimani

Zamani Mzanzibari aliyetaka kubobea katika fizikia hakuwa na njia ila kuondoka. Mohammed Gharib Bilal, aliyekuja kuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar na baadaye Makamu wa Rais wa Tanzania, aliifuata Marekani: kwanza Chuo Kikuu cha Howard, halafu Berkeley, California, alikopata udaktari mwaka 1976. Akarudi kufundisha Dar es Salaam. Nyumbani kwa mwandishi wa kumbukumbu hii, Mbweni, Unguja, jina la Bilal lilitajwa kila mzee alipouliza mtu aliyesoma hesabu tupu atakula nini.

Mwandishi alivuka kwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika miaka ya 1980. Alikwenda na mazoea ya shule: kukariri fomula, kuingiza tarakimu, kufungua kitabu cha majedwali ya logi, kuandika jibu na kulipigia mstari. Alama zilipatikana. Kisha siku moja mhadhiri alijaza ubao mzima herufi, bila tarakimu hata moja, na kanuni zote tatu za Kepler zikachomoza kutoka katika sheria moja ya Newton. Kumbe fomula zina wazazi!

Tangu hapo hata bahari ya kwao hakuiona kama zamani.

Watu wa Mbweni hawakuhitaji chuo kuijua bahari. Wavuvi na kina mama waendao pwani kuokota chaza huhesabu mwezi: ukiandama, au ukiwa mpevu, yaja maji bamvua, yanayotoka mbali na kurudi kwa wingi; ukiwa nusu, ni maji mafu. Kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50. Hesabu hiyo ni sahihi, na mwandishi aliikuta nzima katika daftari la mekanika, sasa ikiwa na sababu zake.

Sababu yenyewe inashangaza. Jua huivuta dunia kwa kani karibu mara 180 ya ile ya mwezi, lakini mchango wake katika kujaa kwa maji haufiki nusu ya ule wa mwezi. Kinachoinua maji ni tofauti ya mvuto kati ya upande wa dunia ulio karibu na ule wa mbali, na tofauti hiyo hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Jua ni zito mno, lakini liko mbali mno. Vinapokaa katika mstari mmoja na dunia, jua na mwezi husaidiana. Vikikaa pembe mraba, hupunguzana.

Ila nadharia hiyo ya Newton ya mwaka 1687 hutoa mwinuko wa kama nusu mita tu, na bandari ya Zanzibar wakati wa bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ilibidi aje Laplace wa Ufaransa, miaka ya 1770, kuonyesha kwamba bahari si maji yaliyotulia yakingoja kuvutwa. Ni mawimbi marefu yanayokimbia, na umbo la bonde la bahari huweza kuyakuza. Mwandishi alijifunza hapo kwamba nadharia nzuri huweza kuwa ya kweli na bado isitoshe.

Leo mambo yamesogea. Mbweni yenyewe ina Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume. Bweleo, kusini yake, IIT Madras ya India ilianza kufundisha sayansi ya data na akili mnemba mwaka 2023. Kigali kuna taasisi ya fizikia ya msingi iliyofunguliwa 2018 kwa ushirikiano na kituo cha Trieste alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964. Hata hivyo, vyuo vilivyosogea karibu zaidi na visiwa ni vya sayansi ya matumizi. Ni vizuri, lakini havitoshi: atakayejenga juu ya milinganyo lazima kwanza ajue ilikotoka.

Na kutafuta chanzo hakungoji chuo kikuu: Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya uliopoa. Alichekwa darasani. Profesa Denis Osborne wa Dar es Salaam hakumcheka. Alilipima jambo lile, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja.

Kwa hiyo, walimu wa kidato cha tano na sita wa Unguja na Pemba, kipima maji cha bandari ya Zanzibar kina rekodi tangu 1984. Wapeni wanafunzi rekodi hizo, muwaache wautafute mwezi ndani yake kabla hamjawaandikia fomula ubaoni.