Safari ya Motokaa kutoka Eastlands hadi Tanga

Ifikapo Desemba, na tena siku za Pasaka, katika mitaa ya mashariki ya mji wa Nairobi, tangu Kaloleni na Makongeni hadi Jericho, Buruburu na Umoja, huonekana motokaa zikioshwa na kupakiwa vyakula na mizigo ya watoto. Zamani wakaaji wa mitaa hiyo waliokwenda pwani walipanda garimoshi au basi. Siku hizi wengi wana motokaa zao wenyewe, na baadhi yao hawakomei Mombasa, bali huvuka mpaka wakaenda kupumzika katika mji wa Tanga, nchini Tanzania.

Watu hao waulizwapo wanaogopa nini katika safari hiyo, wengi hutaja mpaka: maofisa, mihuri na hati. Lakini mpaka humchelewesha mtu tu. Kinachoua ni barabara, na hasa barabara ya usiku mbele ya dereva aliyechoka.

Yafaa kila baba wa nyumba apige hesabu kabla ya kuwasha injini. Toka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilometa 480. Toka Mombasa hadi Lunga Lunga ni kama 100 tena, na toka mpakani hadi Tanga kama 70. Jumla ni kama kilometa 650. Motokaa iendayo kwa wastani wa kilometa 60 kwa saa itahitaji karibu saa kumi na moja, bila kuhesabu chakula, kivuko wala mpaka. Basi karani aliyeamka alfajiri ya Ijumaa, akafanya kazi mchana kutwa, kisha akaondoka jioni ili afike Tanga asubuhi, atakuwa hakulala kwa muda wa saa ishirini na nne na zaidi. Hakuna breki wala tairi mpya iwezayo kumponya mtu wa namna hiyo asisinzie.

Barabara yenyewe haina huruma. Kupita Mlolongo, Salama, Sultan Hamud na Emali, msafiri huandamana na malori yachukuayo mizigo ya bandari ya Mombasa. Sehemu kubwa ya njia magari yaendayo na yajayo hutenganishwa na mstari wa rangi tu. Dereva aliyechoshwa na kufuata lori hujitokeza kulipita mlimani au penye kona, asijue kilicho mbele yake. Na mara nyingi kilicho mbele ni lori jingine. Afadhali kulifuata lori hilo nusu saa nzima kuliko kubahatisha roho za watoto walioketi nyuma.

Pa kupumzikia hapakosekani. Pale Makindu liko hekalu la Masingasinga, ambalo kwa miaka mingi limewakaribisha wasafiri wa kila dini na kuwapa chakula bila malipo. Mtito Andei ni karibu nusu ya njia ya Mombasa. Toka hapo hadi Voi barabara hupita katikati ya mbuga ya Tsavo, na ndovu huivuka wapendapo. Mchana ndovu huonekana mbali. Usiku rangi yake ni rangi ya giza, na taa za motokaa humfichua wakati breki zimekwisha kuchelewa. Kwa hiyo msafiri mwenye busara huondoka Nairobi mapambazuko, akalala Voi au Mombasa, akauacha mpaka kuwa kazi ya siku ya pili.

Mombasa kuna kivuko cha Likoni.  Septemba ya mwaka 2019 motokaa iliteleza kinyumenyume kutoka katika kivuko hicho ikazama, na mama na mtoto wake wakafa. Tangu hapo hakuna dereva awezaye kusema hakuonywa. Motokaa ikiwa kivukoni injini izimwe, breki ya mkono ivutwe sana, na abiria washuke. Asiyependa kivuko aweza kuzunguka kwa barabara mpya ya Dongo Kundu.

Baada ya Ukunda na Msambweni, msafiri hufika Lunga Lunga. Mpaka huu ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wadachi ya mwaka 1886, yaliyotaja mto Umba kuwa mwanzo wa mstari kutoka pwani. Wadigo waliokuwa wakikaa huko hawakuulizwa, na mpaka leo wapo pande zote mbili, wakiposa na kuzikana. Zamani shilingi ilikuwa moja Kenya na Tanzania, hata ilipoachana mwaka 1966. Mwaka 1977 Tanzania iliufunga mpaka kabisa, usifunguliwe tena mpaka mwaka 1983. Mtu akikumbuka hayo, hatanung'unika sana kungoja mhuri kwa saa moja.

Kungoja huko hupungua kwa mwenye kujitayarisha. Kila mtu, hata mtoto mchanga, awe na paspoti au hati ya muda ya kusafiria. Asitegemee kitambulisho peke yake. Motokaa iwe na hati ya umiliki, na kama ni ya mtu mwingine, barua ya mwenyewe. Bima ya Kenya pekee haitoshi ng'ambo; ikatwe kadi ya manjano ya COMESA mapema. Fedha zibadilishwe benki au dukani penye leseni, si kwa vijana wa njiani.

Toka Horohoro kuelekea Tanga barabara ni nzuri, na hilo ndilo jaribu. Katika vijiji sheria ni kilometa 50 kwa saa, na askari wa trafiki wana mitambo ya kupimia mwendo. Wageni wengi hulalamika kwamba wanaonewa. Lakini mtoto wa kijiji avukaye njia kwenda shule haulizi motokaa imesajiliwa nchi gani.

Hatimaye huonekana mashamba ya mkonge, kisha bahari ya Raskazone. Katika mji huu, Novemba mwaka 1914, jeshi kubwa la Waingereza lilishuka kwa haraka bila kupeleleza vema, likashindwa na Wadachi waliokuwa wachache, na nyuki wa mizinga wakawaongezea askari taabu. Tanga basi imekwisha kuwaona watu wenye haraka. Wazee husema, kawia ufike. Na familia iliyofika jioni ya siku ya pili, wote wakiwa wazima, itaikuta bahari pale pale.