Swali la Diski

Mwaka 2013 nilikuwa fundi msaidizi kwenye chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Jina lake naliacha, maana kosa lilikuwa langu. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine 40, na kila likizo zilifutwa zote na kuwekewa Debian upya. Tulikuwa wawili, mimi na fundi mkuu, mtu mzima ambaye chuo kizima kilimwita Mjomba.

Mjomba alikuwa na sidii moja, kaifunga kwenye kitambaa utadhani dhahabu. Kabla hajaiingiza aliwasha mashine, akachungulia mafaili. Akikuta insha ya mwanafunzi anainakili kwenye flashi: "Mtoto wa watu huyu." Ndipo anakaa kujibu maswali ya mashine. Lugha gani? Saa za wapi? Neno la siri? Diski nifute? Tukijitahidi sana, mashine nane kwa siku. Mimi nilikuwa na miaka 23, bwana. Nilitamani kulia.

Nikaanza kusoma usiku. Kumbe kompyuta haihitaji sidii! Kuna utaratibu unaitwa PXE, Intel walitoa toleo lake la 2.1 tangu 1999. Mashine ikiwashwa, kadi yake ya mtandao inapiga kelele kwenye waya: jamani, mimi nani humu? Seva ya DHCP inaipa anwani na kuielekeza faili la kuanzia liko wapi. Inalivuta kwa TFTP, kisha inavuta kiini cha mfumo, kazi inaanza. Na yale maswali? Debian wana faili la majibu, preseed. Unajibu yote mapema, mashine haikuulizi tena kitu.

Nililiandika siku mbili. Saa za Dar es Salaam. Neno la siri. Diski nifute? Ndiyo. Una hakika? Ndiyo.

Ijumaa jioni nikaziwasha zote. Msomaji, sijawahi kuona kitu kizuri vile: skrini 40 zinakimbiza maandishi, hakuna mkono kwenye kibodi. Mjomba alisimama mlangoni muda mrefu.

"Sasa mimi nitakuwa nafanya nini, mjomba?"

Nilicheka. Nilidhani ananitania. Mafaili ya wanafunzi hatukuyachungulia safari hiyo, na mpaka leo sijui ni ya nani yaliyopotea.

Seva sikuizima. Jumatatu asubuhi mama wa uhasibu, ambaye waya wake uliingia kwenye swichi ileile, akawasha kompyuta yake akaenda kuchukua chai. Mashine yake ilikuwa imepangwa kutazama mtandao kwanza kabla ya diski. Ikapiga kelele yake, seva yangu ikaitika. Diski nifute? Ndiyo. Aliporudi na kikombe alikuta skrini asiyoijua, na orodha ya karo ya muhula mzima haipo. Nakala nyingine hakuwa nayo.

Hakunifokea. Alikaa tu, akaniuliza, "Mwanangu, kwani haikuuliza?"

Mjomba ndiye aliyekwenda kuongea na wakubwa, mimi nikisubiri nje. Sikufukuzwa. Seva nikaibadilisha ijibu kadi za mashine 40 tu, nilizoziandika anwani moja moja. Mashine nyingine yoyote ikiita, isipate jibu. Na kwenye faili la majibu nikafuta mistari ya diski, ili kila mashine ifike pale isimame, imsubiri mtu.

Karo tuliiandika upya kutoka kwenye vishina vya risiti, wiki tatu, kila jioni. Mjomba anasoma, mimi napiga chapa. Laki moja na ishirini. Elfu themanini. Kila akifika mwisho wa kitabu alinitazama juu ya miwani.

"Una hakika?"

Narudi mwanzo, nahesabu tena.