Makayabo na "bomba" katika baa ndogo ya Barcelona

Mtaa wa Barceloneta, mjini Barcelona, uko kando ya bahari karibu na bandari. Ni mtaa wa zamani wa wavuvi na wafanyakazi wa bandari, wenye nyumba zilizobanana na njia nyembamba. Humo kuna baa iitwayo La Cova Fumada. Ilifunguliwa mwaka 1944, na mlangoni hakuna kibao. Anayepajua anaingia, asiyepajua anapita.

Chakula huja katika visahani vidogo, na hivyo ndivyo viitwavyo tapas. Mtu haagizi sahani yake peke yake. Vinawekwa katikati ya meza na kila mmoja ananyoosha mkono, jambo lisilo geni kwa mtu aliyekula bukari na ndugu zake kwenye sahani moja.

Kinachojulikana zaidi pale ni bomba. Ni kibonge cha viazi vilivyopondwa, chenye nyama ya kusaga ndani, kilichokaangwa na kutiwa mchuzi wa pilipili pamoja na allioli, yaani kitunguu saumu kilichopigwa na mafuta ya zeituni. Jina lake maana yake ni bomu, na watu hulitaja wakicheka. Lakini mtaa huo ulipigwa mabomu ya kweli. Katika vita vya 1936 hadi 1939, ndege za Italia zilizomsaidia Franco ziliushambulia kwa sababu ya bandari, na wakaaji wakalazimika kuhama. Kisha Januari 1939, jeshi la Franco lilipoingia Barcelona, karibu watu nusu milioni walikimbilia Ufaransa, wengi kwa miguu na katika baridi. Maelfu walilala juu ya mchanga wa pwani ya Argelès-sur-Mer, wamezungushiwa seng'enge. Miaka 5 baada ya hapo ndipo baa hiyo ilifungua mlango. Wanaolala leo chini ya hema huko Kivu wanajua miaka 5 ni mirefu kiasi gani.

Mama mmoja wa Bukavu, anayeishi Barcelona, aliletewa esqueixada katika baa nyingine ya namna hiyo. Alipoonja alitambua mara moja: makayabo! Samaki yule yule wa chumvi, aliyelowekwa majini mpaka chumvi ipungue, akachanwa kwa vidole na kuchanganywa na nyanya, kitunguu, zeituni nyeusi na mafuta. Ila hakupikwa. Mama alisita, kisha akamaliza kisahani, akisaidiwa na mkate uliosuguliwa nyanya, ambao Wakatalani huula karibu na kila kitu.

Tapas zenyewe hazikuwa desturi ya Wakatalani hapo kale. Nyingi zililetwa na watu wa Andalusia na mikoa mingine ya Hispania waliohamia kutafuta kazi viwandani. Waliofika na mabegi ndio waliobadilisha meza ya mji.

Sasa wanaohofia kuondoka ni wenyeji. Nyumba nyingi zimegeuzwa vyumba vya watalii na kodi imepanda. Mwaka 2014 wakaaji wa Barceloneta waliandamana barabarani kupinga hali hiyo. Baa ya mtaa bila watu wa mtaa ni duka tu.

Bomba nayo mama aliijaribu. Alisema ni tamu, ila pilipili yao bado ni ya watoto.