Ngazi ya Wafini na Mfereji wa Nduruma

Kila mwezi wa tatu ndugu zangu wa Nduruma, Tanzania, hunitumia ujumbe: Ripoti ya Furaha Duniani imetoka, Ufini wa kwanza tena. Wanaongoza kila mwaka tangu 2018, na Tanzania huwa tuko kule mkiani. Wananiuliza, hao Wafini wanacheka sana? Hapana. Asubuhi, ndani ya basi hapa Tampere, Ufini, ninakoishi, husikii hata salamu.

Swali la ripoti halihusu kicheko. Unaambiwa ufikirie ngazi, chini 0, juu 10, kisha useme maisha yako yapo kwenye kipandio cha ngapi. Mfini hujibu akijua kwamba akiugua hatauza kitu ili atibiwe. Mama mjamzito hupewa boksi la nguo za mtoto, utaratibu ulioanza mwaka 1938. Mtu wa namna hiyo analala.

Mama yangu halali hivyo. Mahindi na maharage yake yanategemea maji ya mfereji. Zamu ya maji ikimwangukia usiku, anatoka na tochi na jembe, anazibua tope na viroba mlangoni mwa shamba, na jirani wa shamba la juu anakaa naye mpaka alfajiri, maana mtu mmoja hawezi kuulinda mfereji mzima. Wanapiga soga, wanacheka kweli kweli. Kiangazi, maji yakiishia njiani, zamu inapita kavu na msimu unamkalia vibaya. Wageni husema watu wetu ni maskini lakini wana furaha. Kauli hiyo inaniuma, kwa sababu inakigeuza kicheko cha mama kuwa sababu ya kumwacha bila maji.

Hata hivyo, kicheko kile ni cha kweli, na huku ninaona gharama ya kukikosa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Yupo mmoja mwenye pensheni, nyumba yenye joto na dawa zinazomfikia mlangoni, na kuna wiki ambazo hakuna anayebisha hodi ila sisi wahudumu. Nduruma, mzee asipoonekana nje hadi saa nne, mtoto anatumwa akamwamkie. Ripoti ya 2025 ilieleza kwamba Marekani, mwaka 2023, mtu mmoja kati ya wanne alikula milo yake yote ya siku iliyotangulia peke yake. Ripoti hiyo hiyo ilionyesha kuwa wanaokula na wenzao huyaona maisha yao kuwa bora zaidi.

Basi Jumamosi napika loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa ya mgando. Maziwa ya mgando ya huku yanafaa kabisa. Jirani wa ghorofa ya chini, ambaye zamani tulipishana kimya, sasa hupanda na mkate wake mweusi. Na nyumbani nimemkatia mama bima ya afya, kisha ukoo tumeanza kuchangia saruji ya kusakafia mfereji, tukianzia pale kwenye mchanga ambapo maji hupotea zaidi.