Bunia: Kitabu cha mfukoni na ulizo moja la muganga

Muganga anayepokea wagonjwa wengi hawezi kukumbuka kipimo cha kila dawa. Ndiyo maana kuna vitabu vya kuingia mfukoni, kama mwongozo wa matibabu wa Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), ambao husomwa bure hata kwenye simu.

Lakini kitabu hujibu kile muganga anachotafuta. Mtu aliyekimbia Mongbwalu na kuhamia kambi ya Kigonze, akisema anakohoa tu, atapimwa kifua kikuu. Ni vema. Ila kama alisaga mawe ya dhahabu miaka mingi, vumbi lile hukaa mapafuni na kuongeza hatari ya kifua kikuu chenyewe. Na aliyechoma zebaki anaweza kutetemeka mikono, kwa kuwa mvuke wake hudhuru mishipa ya fahamu.

Mwaka 1700, daktari Mwitalia Bernardino Ramazzini aliwaomba wenzake wamuulize kila mgonjwa: unafanya kazi gani?

Aliyekimbia vita ameacha machimbo, lakini vumbi alikuja nalo. Basi, ndugu wasikilizaji, mkifika kwa muganga, mtajieni na kazi ya zamani, hata asipouliza.