Bagamoyo Haikuwa ya Kahawia

Tafuta Bagamoyo kwenye Instagram, utaletewa mji wa kahawia. Kuta za kahawia, milango ya kahawia, bahari yenyewe kama chai ya rangi. Picha zimepigwa juzi tu kwa simu, lakini zimevalishwa miaka mia: kingo zimefifishwa, mikwaruzo imeongezwa, wengine wanaweka hadi madoa ya unyevu. Nimeziona za Boma la Wajerumani, za Caravanserai, za mnara wa Livingstone pale misheni, za magofu ya Kaole. Maharusi nao wanatoka Dar, mwendo wa kilomita kama 70, waje kusimama mbele ya ukuta uliobanduka.

Sisemi ni mbaya. Nyingine nzuri kweli, na nyingine zipo kwenye simu yangu mwenyewe. Ninachojiuliza ni hiki: ukiizeesha picha ya jengo ambalo bado limesimama, unakuwa umesema nini juu ya jengo hilo?

Tuanze na rangi yenyewe. Mafundi picha wa karne ya 19 hawakupaka kahawia kwa ajili ya majonzi. Waliigeuza fedha iliyomo kwenye karatasi ya picha kwa dawa yenye salfa, ili picha idumu bila kufifia. Kahawia ilikuwa kinga. Leo tunaitumia kuigiza uchakavu.

Halafu mji wenyewe ulikuwa mweupe. Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, zikapigwa lipu ya chokaa iliyochomwa hapohapo pwani. Walther Dobbertin, Mjerumani aliyepiga picha katika koloni hili mwanzoni mwa karne ya 20, ameacha picha nyingi ambazo sasa ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Ujerumani, na nyingi unaziona bure mtandaoni. Zitazame kama mwandishi wa habari, siyo kama mtu anayetafuta cha kuning'iniza sebuleni. Boma la Bagamoyo lilijengwa 1897. Kwa mpigapicha wa 1907 lile lilikuwa jengo la miaka 10, ofisi ya serikali yenye chokaa mbichi. Picha ya aina hiyo haikuwa ya zamani siku ilipopigwa. Ilikuwa habari.

Na habari hiyo ilikuwa na mwenyewe. Boma lilisimama miaka minane tu baada ya Abushiri kunyongwa Pangani, Desemba 1889. Mji uliokuwa ukipokea pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo kutoka bara ulikuwa sasa chini ya bendera nyingine. Mpigapicha wa zama zile alilitaja jengo kwa jina na mtaa kwa jina. Watu mara nyingi wakabaki kuwa "wenyeji" tu. Linganisha na Zanzibar, alikofungua Ranchhod Oza studio yake, Capital Art Studio, mwaka 1930. Pale mtu alikuja kwa miguu yake, kavaa alichochagua, kakaa anavyotaka aonekane. Zote ni picha za nyeusi na nyeupe, lakini jicho si moja. Sasa sisi, tukitaka "uzamani", tunaazima lipi? Tunaondoa bodaboda, tunafuta nyaya za umeme, tunangoja watoto wa shule wapite, mtaa ubaki mtupu. Yaani tunajiondoa wenyewe.

Mwaka jana nilikuwa Mtaa wa India na kamera, napiga mlango mmoja wa nakshi. Barazani amekaa bibi anauza vitumbua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniangalia kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, ukimaliza mlango, nipigie na ule ufa huko juu."

Ufa ulianzia kwenye dari hadi karibu na dirisha. Nikaupiga. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaiweka kwenye rangi za kizamani, akakunja uso.

"Hapana, usiuweke uzee. Hii namtumia kaka yangu Muscat. Akiuona hivi atasema ufa huu ulikuwepo tangu enzi za babu."

Nikaurudia kwa rangi zake. Kumbe suala lilikuwa la urithi. Nyumba ni ya ndugu wengi, wengine wako Dar, wengine Oman, na hakuna fundi anayeguswa mpaka wote wachange. Picha ndiyo ushahidi wake pekee kwamba ukuta umepasuka masika haya, wakati wao wako hai na wana uwezo wa kufanya kitu.

Nyumba za mawe haziangushwi na miaka peke yake. Chokaa hupumua, ukiziba kwa saruji kwa kuwa ndiyo iliyoko dukani, unyevu na chumvi vinanaswa ndani ya ukuta na lipu inabanduka. Bati likivuja, boriti za mikoko huoza pale zinapoingia ukutani, na dari hufuata. Kila hatua ina sababu na ina mwaka wake. Rangi ya kahawia huvifuta vyote viwili. Uzembe wa miaka mitano unaonekana kama heshima ya karne mbili.

Beit al-Ajaib ya Zanzibar, ya mwaka 1883, haikukosa picha nzuri. Desemba 25, 2020 sehemu yake iliporomoka, ikiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafa. Kupendwa na kamera hakukuizuia kuanguka.

Kwa hiyo nina ombi dogo kwa wapenzi wenzangu wa picha za kizamani. Zeesheni zenu mnavyotaka, lakini wekeni na moja ya rangi, yenye tarehe, jina la mtaa, na bodaboda ikiwa ipo. Mwakani rudini kwenye ukuta uleule. Andikeni jina la anayekaa barazani, akiridhia. Uzamani hauna haja ya kuharakishwa; miaka 50 ijayo picha hiyo itakuwa imezeeka yenyewe, na atakayeitazama atajua ukuta ulikuwaje, na nani alikuwepo.