Mchele wetu na kamyo ya zamani: safari ya Rusizi

Mwezi huu tunawaletea habari za safari yetu ya Rusizi, kule ambako wengi wetu bado tunakuita Cyangugu hata kama jina hilo la mkoa liliondolewa mwaka 2006. Tulienda watu watano, mama wawili na vijana watatu, kununua mchele wa kikundi chetu cha akiba. Pesa ilikuwa ya familia nyingi, iliyokusanywa kidogo kidogo. Karatasi ya ruhusa ilikuwa ya siku tatu.

Bugarama iko chini kabisa. Mto Rusizi unatoka ziwa Kivu, unateremka mpaka uwanda ule, kisha unaendelea hadi ziwa Tanganyika. Hapo karibu na mto ndipo mahali pa chini kuliko pote Rwanda, kama mita 950 kutoka usawa wa bahari. Kuna joto sana, mashamba ya mpunga yanafuatana, upande mwingine kuna kiwanda cha saruji. Bugarama inajulikana pia kwa maji ya moto yanayotoka ardhini, wenyeji wanaita Amashyuza. Ukifunga macho unadhani uko Kamanyola au Uvira, maana ng'ambo ya mto ni kwetu, na Kiswahili unakisikia sokoni kote.

Tulipata mchele, magunia 20 ya kilo 50. Usafiri wa bei nafuu ulikuwa mmoja tu: kamyo ndogo ya zamani ya jeshi, Unimog 404 ya Wajerumani, aina iliyotengenezwa kuanzia 1955 hadi 1980. Rangi yake bado ya majani. Mama mmoja alipoiona alisimama kwanza. Wengi wetu mlio wa kamyo ya jeshi unatukumbusha usiku tuliokimbia. Shofeli akamwambia, "Mama, usiogope, hii siku hizi inabeba mchele tu." Tukapanda.

Tulipofika katikati ya mlima wa kwenda Kamembe, injini ikakohoa mara tatu, ikazima. Tukangoja nusu saa, ikawaka. Mbele kidogo ikazima tena. Wingu lilikuwa limekaa juu ya Kivu na sisi turubai letu lilikuwa na matundu. Shofeli akapiga mkono kwenye usukani: "Ni hii pompa mpya! Ni ya pili hii, zote mbovu."

Akatueleza. Gari ile inatumia esansi, yaani petroli, siyo mazutu. Pompa yake ya asili inasukumwa na injini yenyewe na imefungwa ubavuni mwa injini. Ikipanda mlima na joto, ilikuwa inazima. Ndiyo sababu tajiri wake alinunua pompa ya umeme, ile ndogo ya gari za taksi. Ya kwanza ilipozima wakaitupa, wakaweka nyingine. Na sasa tena.

Tuliingia Kamembe usiku, tukisimama kila mara. Mchele ulilowa magunia mawili. Shofeli alitaka kuendelea asubuhi mapema. Lakini kutoka Kamembe kuja huku ni lazima kupita msitu wa Nyungwe, na barabara ile inapanda zaidi ya mita 2,400. Mule ndani ni baridi, ukungu na miti. Kuzimikiwa na gari mule usiku na mama na mzigo wa watu, hapana. Tulikataa. Tukasema kwanza ugonjwa ujulikane.

Mzee wa gereji

Walituelekeza kwa fundi mmoja mzee. Hakugusa pompa. Aliwafukuza kwanza watoto na mvuta sigara mmoja, akaweka ndoo ya mchanga karibu. Kisha akauliza, "Wanangu, inazima ikiwa baridi ao ikiwa moto?" Tukajibu, moto. "Na ikipoa inawaka?" Ndiyo. "Basi pompa haijafa. Kitu kilichokufa hakifufuki kwa kupumzika."

Akaanza kupima kimoja kimoja. Kwanza kifuniko cha tangi. Kikiziba hewa isiingie, mafuta yanashindwa kutoka. Alikilegeza, akawasha, hakuna kilichobadilika. Hicho akakitoa kwenye hesabu.

Pili, umeme. Vijana wa gereji walishika taa ya kupimia, ikawaka, wakasema umeme upo. Mzee akakataa: "Taa inawaka hata na umeme mgonjwa." Akaleta kipima volti, akapima pompa ikiwa inafanya kazi. Kwenye betri ilikuwa volti 12 na nusu, kwenye pompa volti 9 tu. Nyingine zilipotelea njiani, kwa waya mwembamba na kwa masi, ule waya unaorudi kwenye chesisi, uliofungwa juu ya rangi na kutu. Tena gari hiyo ni ya volti 24, betri mbili zimeunganishwa, lakini pompa ni ya volti 12. Mtu aliyeifunga alichota umeme kwenye betri moja tu. Betri hiyo inachoka kila siku, na mwenzake inajazwa kupita kiasi mpaka inaharibika.

Tatu, mafuta yenyewe. Alichomoa mpira unaopeleka esansi kwenye kabureta, akauingiza kwenye chupa. Injini ikiwa baridi, esansi ilitoka safi. Kisha gari ikatembezwa kwenye mlima wa mji mpaka ikashika moto, akarudia. Safari hii ilitoka povu na mapovu. Akaweka kitambaa cha maji baridi juu ya pompa. Baada ya dakika chache esansi ikarudi safi.

Mama zetu walikuwa wa kwanza kuelewa, maana aliwaeleza kwa sufuria. Mnajua mlimani maharage yanachelewa kuiva. Ni kwa sababu huko juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka kabla hayajafika moto wa 100. Kamembe yanachemka kwenye 95 hivi, ndani ya Nyungwe kwenye 92. Esansi nayo ni hivyo, inachemka mapema zaidi ukiwa juu. Na ukiifyonza inachemka haraka kuliko ukiisukuma. Pompa mpya walikuwa wameifunga palepale pa ile ya zamani, karibu na bomba la moshi, mbali na tangi. Ikawa inafyonza esansi ya moto. Mvuke ukijaa ndani, pompa inazunguka bure.

Kazi ilichukua karibu siku nzima. Pompa ilihamishwa chini, karibu na tangi, mahali ambapo esansi inaifikia yenyewe, na chujio mbele yake. Bomba likasogezwa mbali na moshi. Waya mnene ukawekwa pamoja na fyuzi, masi ikakwanguliwa mpaka chuma cheupe. Kwenye duka la spea tukapata kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12, kile wanachofunga kwa redio za mabasi. Mwisho akafunga swichi inayokata pompa pale injini inapokufa. Pompa ya zamani inasimama pamoja na injini, lakini ya umeme ikipata ajali inaendelea kumwaga esansi.

Tukamuliza pompa mpya tutanunua wapi. Akacheka. "Pompa ni hiihii. Hata ile mliyotupa labda ilikuwa nzima. Mgeni akifika, kila kinachopotea nyumbani ni yeye." Hapo tulinyamaza wote kidogo.

Tulipita mashamba ya chai ya Shagasha alfajiri, ikiwa ni siku ya mwisho ya ruhusa yetu, tukaingia msituni. Nyungwe iliandikwa na UNESCO mwaka 2023 kuwa urithi wa dunia. Humo ndimo maji yanagawana: mvua ya upande mmoja inakwenda mto Kongo, ya upande mwingine inakwenda Nile. Kamyo ilipanda bila kukohoa. Tulifika na magunia 20, yale mawili tukayaanika.

Vijana wetu wanaojifunza ufundi, kumbukeni mambo haya. Kabla ya kubadilisha kifaa, pimeni kimoja kimoja kikiwa kazini. Pompa ya gari mpya za sindano msiifunge kwenye kabureta ya zamani, nguvu yake ni kubwa sana, esansi itamwagika juu ya injini ya moto. Na wazazi, msiruhusu mtoto kuvuta esansi kwa mdomo. Akimeza, msimtapishe, kwa sababu inaweza kuingia kwenye mapafu. Mpelekeni haraka kwenye kituo cha afya.

Mgao wa mchele ulifanyika Jumamosi, kila mwanachama amepata.